UZI: Wamarekani hawataki Medicare yao iguswe, mbona uzee bado unawafilisi?

BintiMwambao (mleta mada)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila mada ya afya ya Marekani ikifunguliwa humu, wachangiaji hugawanyika. Kundi moja linasema kule ukiugua huna pesa umekwisha. La pili linasema mzee wa Marekani anatibiwa na serikali mpaka anaingia kaburini. Mimi nahudumia wazee majumbani hapa Massachusetts, kazi ambayo Watanzania na Wakenya wengi wa huku tumo, na naona kila kundi limeshika kipande chake tu. Naomba tulizungumze hili kwa kirefu kwa sababu linatugusa wenyewe. Waliokuja kubeba boksi miaka ya tisini sasa wanaikaribia 65, na wengi wao hawajui wanaingia kwenye nini.

Medicare ni bima ya serikali kuu kwa waliofikisha miaka 65, awe tajiri awe maskini, pamoja na baadhi ya wenye ulemavu na wagonjwa wa figo walioongezwa kwa sheria ya 1972. Rais Lyndon Johnson aliitia saini tarehe 30 Julai 1965. Alisafiri hadi Independence, Missouri, ili kadi ya kwanza aikabidhi kwa Harry Truman, rais mstaafu aliyeipigania bima ya taifa miaka ya arobaini akashindwa. Chama cha madaktari, AMA, kiliipinga kwa nguvu zake zote. Mwaka 1961 kilimtumia Ronald Reagan, wakati huo akiwa bado mwigizaji, kurekodi santuri ya kuwaonya wananchi kwamba mpango wa aina hiyo ni mlango wa ujamaa.

Bima ilipoanza kazi Julai 1966 ilifanya jambo ambalo sisi Waafrika tunapaswa kulijua. Hospitali iliyotaka fedha zake ilitakiwa kwanza iache kuwatenga Weusi. Kusini kulikuwa na wodi za Weupe na wodi za Weusi, na hospitali nyingine hazikumpokea Mweusi kabisa. Wakaguzi walitumwa mji kwa mji, na sehemu kubwa ya ubaguzi huo ikaondoka ndani ya miezi michache. Mahakama zilikuwa zimehangaika nao miaka.

Sasa tuje kwenye maoni ya wananchi. Kura za maoni za KFF, taasisi inayofuatilia sera za afya, zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba takriban watu wanane kati ya kumi wanaiona Medicare vizuri, na Warepublican walio wengi wamo. Mwaka 2009, wakati wa mvutano juu ya sheria ya afya ya Obama, mtu mmoja South Carolina alisimama kwenye mkutano wa mbunge Bob Inglis akamwambia serikali iondoe mikono yake kwenye Medicare yake. Mbunge akajaribu kumweleza kwamba Medicare yenyewe ni ya serikali. Hakumwelewa. Watu walimcheka sana mtu yule, na mpaka leo wanamcheka. Mimi nadhani walipaswa kumsikiliza. Kila mfanyakazi wa Marekani anakatwa fedha ya Medicare kwenye mshahara, leo ni asilimia 1.45 kwake na nyingine kama hiyo kwa mwajiri. Ukikatwa miaka arobaini, ile kadi unaiona ni jasho lako.

Mwanasiasa anayelisahau hilo hulipia. Mwaka 2011 Paul Ryan, mbunge wa Republican, alipendekeza wastaafu wa baadaye wapewe ruzuku wakajinunulie bima kwa kampuni binafsi. Mwezi Mei mwaka huohuo kukawa na uchaguzi mdogo magharibi mwa New York, jimbo la uchaguzi lililozoea kuchagua Warepublican. Kathy Hochul wa Democratic akaifanya Medicare ndiyo kampeni yake, akashinda. Februari 2023 Biden akihutubia Bunge aligusia mpango wa baadhi ya Warepublican wa kutaka Medicare na pensheni vikome Bunge lisipovihuisha. Wakampigia kelele kwamba anawasingizia. Akawaambia basi tumekubaliana haviguswi, nao wakasimama kupiga makofi mbele ya taifa zima.

Hapo mtu atadhani wazee hawa wamemaliza matatizo yao. Hapana wakuu. Nguvu hii ya wananchi ni hodari wa kuzuia kitu kisipunguzwe. Kuongeza kilichopungua ni habari nyingine, na mfano wake ni wa 1988.

Mwaka huo Reagan, sasa akiwa rais, alitia saini sheria ya kuipanua Medicare kuliko wakati wowote tangu izaliwe. Gharama ambazo mgonjwa angelipa mfukoni zingewekewa kikomo na dawa ambazo mgonjwa anatumia akiwa nyumbani zingelipiwa. AARP, chama kikubwa cha wazee, kiliiunga mkono. Kasoro ilikuwa kwenye nani alipe. Waliamua walipe wazee wenyewe kwa tozo ya ziada juu ya kodi ya mapato, na aliye juu kabisa angefika dola 800 kwa mwaka. Waliokuwa wafike 800 walikuwa wachache, lakini barua zilizosambazwa nchi nzima ziliwafanya wazee wa kawaida waamini kwamba kila mmoja wao atadaiwa kiasi hicho. Na wenye uwezo, ambao wengi walishakuwa na bima ya nyongeza kutoka kazini kwao, waliona wanalipishwa mara mbili. Agosti 1989 wazee wa Chicago walimzomea Dan Rostenkowski, mwenyekiti wa kamati ya Bunge inayoshughulikia kodi, wakalizingira gari lake mpaka akatoka mbio kwa miguu. Televisheni zote zilionyesha. Kabla mwaka haujaisha Bunge likaifuta sheria yake lenyewe. Kipande kimoja kati ya vichache vilivyobaki ni kile kinachomkinga mke au mume asibaki fukara mwenzake akiingia nyumba ya kulelea wazee, na nimeona familia zilizosimama kwa sababu ya kipande hicho.

Tangu siku ile kila mbunge akisikia habari ya kuongeza huduma za wazee anauliza kwanza tozo inamwangukia nani. Dawa zilisubiri mpaka sheria ya George W. Bush ya 2003, iliyoanza kazi 2006, na sheria hiyo iliikataza serikali isijadiliane bei na watengenezaji. Kikomo cha fedha ambazo mgonjwa analipia dawa kilisubiri mpaka 2025.

Na uangalizi wa muda mrefu haujafika hadi leo. Namaanisha mzee aliyeanza kusahau majina ya wanawe, asiyeweza kuoga mwenyewe, anayehitaji mtu usiku na mchana. Medicare hailipii hilo. Inalipia nyumba ya uuguzi baada ya hospitali kwa siku zisizozidi 100, na kwenye Medicare ya kawaida ni sharti awe amelazwa rasmi siku tatu. Zingatieni neno "rasmi". Mzee anaweza kukaa kitandani hospitalini siku nne, kumbe kwenye makaratasi ameandikwa yuko chini ya uangalizi tu, hajalazwa. Bili inakwenda kwake. Siku 20 za kwanza halipi, kuanzia ya 21 analipa zaidi ya dola 200 kwa siku, na ikipita ya 100 yuko peke yake.

Nyumba ya kulelea wazee sehemu nyingi inazidi dola 100,000 kwa mwaka. Hapo ndipo inapoingia Medicaid, bima ya maskini, ambayo ndiyo inayowalipia wakazi wengi wa nyumba hizo. Ila uipate lazima uwe maskini kweli. Hapa kwetu mzee asiye na mwenzi anaruhusiwa kubaki na akiba ya dola 2,000. Nyumba yake mara nyingi inaachwa akiwa hai, na akifariki jimbo linakuja kudai gharama zake kwenye mirathi. Mwalimu, dereva, fundi, watu walioweka akiba maisha yao yote, nimewaona wakiimaliza yote ndani ya miaka miwili.

Wengi wao walikuwa wanaamini Medicare italipa. Mtu akishaamini kitu anacho, hawezi kukidai, na mimi naona ndiyo sababu kubwa ya pengo hili kudumu: sauti za kulipigia kelele hutoka pale tu familia inapokuwa imeshaangukiwa, na wakati huo hawana muda wa kumpigia mbunge simu, wanamgeuza mama kitandani.

Karibuni tujadili.

Kilimahewa

Mkuu umeandika vizuri ila nina swali zito. Niko Dallas, nina miaka 34, nakatwa kila wiki mbili. Ripoti ya 2025 ya wadhamini wa Medicare inasema mfuko wake wa hospitali unaishiwa 2033. Sasa unataka waongeze tena uangalizi wa muda mrefu? Sisi vijana tutakuta nini?

BintiMwambao

Kaka Kilimahewa, swali lako ni la haki. Ripoti hiyo naijua. Inachosema ni kwamba akiba ya ziada itakwisha 2033, na makato yanayoendelea kuingia yatatosha kulipa asilimia 89 ya bili za hospitali. Hilo pengo la asilimia 11 ni kubwa, silipuuzi, lakini si kwamba utakuta sanduku tupu. Na mfuko huo unahusu Sehemu A peke yake, yaani hospitali. Sehemu B ya madaktari na ile ya dawa hulipwa kwa ada za wanachama na kodi ya jumla.

Ninachoomba uangalie ni hiki. Gharama ya mzee haiondoki bajeti ikikataa kuilipa, inahamia kwa mtoto wake wa kike aliyeacha kazi. Au wa kiume, wapo pia. Mtu wa miaka 50 anaacha kazi kumwangalia baba, anaacha kukatwa, pensheni yake inapungua, naye akizeeka hana kitu. Hesabu hiyo hakuna ripoti ya wadhamini inayoiandika.

Kuhusu fedha, sheria ya 2022 imeonyesha njia mojawapo. Serikali iliruhusiwa kujadiliana bei za dawa na kampuni, jambo ambalo kura za maoni zimeonyesha wananchi wa vyama vyote wanalitaka. Bei za dawa kumi za kwanza zimeanza Januari 2026. Januvia ya kisukari, bei yake ya orodha kwa mwezi ilikuwa dola 527, Medicare sasa ni 113. Eliquis ya kuzuia damu kuganda, 521 imekuwa 231. Insulini kwa mwanachama haizidi dola 35 kwa mwezi. Dawa zote kwa mwaka, ukishalipa dola 2,100 mfukoni kwa mwaka 2026, basi. Safari hii mbebaji wa mzigo si wazee, na hakuna gari la mbunge lililozingirwa.

Kinachoniumiza ni kwamba wengi hawakujua hata kama ilipitishwa. Nilikuwa na mteja aliyekuwa anagawa vidonge vyake nusu nusu huku kikomo kimeshaanza. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

MzeeWaReli

Nawasalimu vijana wangu. Mimi nina miaka 68, niko Minneapolis, nilifanya kazi ghala miaka ishirini na ushee. Binti, umeisema Medicare kama vile ni moja. Mimi niko kwenye Advantage, bima ya kampuni binafsi inayolipwa na Medicare. Ada ya ziada silipi, meno wananitengenezea, miwani wananipa, na kuna kikomo cha mwaka. Ile ya kawaida meno haina, masikio haina, halafu unalipa asilimia 20 ya daktari bila kikomo. Kwa nini hukutuambia?

BintiMwambao

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli tupu na nakushukuru kwa kulileta. Ile asilimia 20 isiyo na mwisho ni ya kutisha, mgonjwa wa saratani inaweza kumla vibaya. Ndiyo sababu zaidi ya nusu ya wanachama sasa wako Advantage kama wewe, na siwezi kumlaumu mtu wa kipato kidogo anayeichagua.

Ila naomba uyajue mawili. Kampuni ina mtandao wake wa madaktari, na kwa huduma nyingi kubwa inataka kibali cha awali. Mtu akiwa mzima haoni tabu. Akivunjika nyonga, daktari akataka aende kituo cha mazoezi ya tiba na kampuni ikasema arudi nyumbani, hapo ndipo familia inapojua. Mkikataliwa kateni rufaa, msinyamaze. Wengi hawakati rufaa kabisa, na wanaokata hushinda mara nyingi.

La pili ni zito zaidi. Ukitaka kurudi Medicare ya kawaida unaweza, kila mwaka kati ya 15 Oktoba na 7 Desemba. Lakini ile bima ya kuziba asilimia 20, Medigap, kampuni ina wajibu wa kukupokea bila kukuuliza ugonjwa kwa miezi sita tu tangu uanze Sehemu B ukiwa na miaka 65 au zaidi. Baada ya hapo, isipokuwa kwa hali chache maalumu, inaweza kukupima na kukukataa. Majimbo machache tu yanawabana wasikukatae baadaye, yakiwemo Massachusetts, Connecticut, New York na Maine. Kwa hiyo uchaguzi unaoufanya ukiwa na 65, bado unatembea vizuri, ndio utakaokuwa nao ukiwa na 80. Jambo hili lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila tangazo lile la televisheni.

MzeeWaReli

Marahaba binti yangu. Hili la miezi sita sikuambiwa. Aliyeniandikisha alikuja kanisani kwetu na chai na vitafunio.

Nyota_ya_Kusini

Dada BintiMwambao pole na kazi. Nimemleta mama kwa grini kadi miaka mitatu iliyopita, ana 71. Mimi nimekatwa miaka 18 mfululizo. Anaingia lini? Na swali la pili, mjomba wangu ni mkimbizi wa Kongo, yuko Kentucky, naye ni mtu mzima.

BintiMwambao

Asante mpendwa. Makato yako hayamhesabiwi mama. Naelewa linavyouma, kwetu mtoto akifanya kazi amefanya na mzazi, lakini sheria hii inahesabu kazi ya mtu mwenyewe au ya mwenzi wake wa ndoa, robo mwaka 40, yaani miaka kama kumi. Mama anaweza kuingia kwa kununua, akishatimiza miaka mitano ya kuishi hapa mfululizo na grini kadi. Sehemu A bila robo hizo ni ghali, mwaka 2025 ilifika dola 518 kwa mwezi. Sehemu B peke yake inaruhusiwa, mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi. Akifikisha miaka mitano msichelewe kumwandikisha, maana faini ya Sehemu B ni asilimia 10 kwa kila mwaka mzima uliochelewa na hulipwa maisha yote. Na kama kipato chake ni kidogo, ulizeni mpango wa jimbo wa kumlipia ada ya Sehemu B. Upo kila jimbo na wengi wanaostahili hawauombi.

Mjomba, tafadhali mfuatilie sasa. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye orodha ya wanaoweza kupata Medicare mpaka wapate grini kadi, na hata waliokuwa nayo tayari wamepewa muda wa miezi 18 tu. Kama amekaa zaidi ya mwaka na hajaomba grini kadi, aombe. Kila jimbo lina washauri wa bure wa Medicare, programu inaitwa SHIP, na hawauzi bima. Nenda kwao kabla ya wakala yeyote.

Watu hawa walikatwa kama wengine kwenye viwanda vya nyama na maghala. Wameondolewa bila kelele kwa sababu hawapigi kura, na hapa unaona hasara ya bima inayolindwa na wapiga kura pekee.

Kilimahewa

Hilo la wakimbizi sikulijua. Dada, na anayetaka kustaafu Tanga au Mombasa?

BintiMwambao

Medicare haimlipii hospitali ya Tanga wala Mombasa. Baadhi ya Medigap hulipa dharura za safarini, siku 60 za mwanzo wa safari, kikomo dola 50,000 kwa maisha yote. Mtihani ni Sehemu B: ukiendelea kuilipa huitumii, ukiiacha na baadaye ukarudi Marekani kwa ajili ya matibabu unakuta faini, na utasubiri dirisha la Januari hadi Machi. Anayejua atakuwa anakwenda na kurudi, ushauri wangu ni ailipe.

Sauti ya Puget

Wakuu niongeze la huku Washington, jimbo, si mji mkuu. BintiMwambao anasema wananchi ni hodari wa kuzuia tu, na kwa sehemu kubwa nakubali. Lakini huku tuna WA Cares. Tangu Julai 2023 tunakatwa asilimia 0.58 ya mshahara kwa ajili ya uangalizi wa muda mrefu, na malipo yanaanza Julai 2026, hadi dola 36,500 kwa mtu. Mwanzoni watu waliikasirikia sana, wengi walikimbilia kununua bima binafsi ili wasikatwe, na Bunge la jimbo likaichelewesha. Novemba 2024 ikapelekwa kwa wananchi kura ya kuifanya ya hiari, ambayo ingeiua. Wananchi wakaikataa. Walichagua kuendelea kukatwa.

BintiMwambao

Kaka hili umeliweka mahali pake, na linanipa moyo. Dola 36,500 hazifiki miezi mitano ya nyumba ya kulelea wazee, lakini kwa mzee anayebaki kwake ni saa nyingi za mtu kama mimi, ni ngazi ya kupandia na kiti cha magurudumu, na familia inapewa nafasi ya kujipanga. Ngazi ya taifa Kamala Harris aliahidi Oktoba 2024 kwamba Medicare ingelipia uangalizi wa nyumbani kwa fedha zitakazookolewa kwenye dawa. Alishindwa uchaguzi na ahadi ikaishia hapo. Kama WA Cares italipa vizuri na watu wakaona jirani yao ameoga, amekula, binti yake hajaacha kazi, majimbo mengine yatakuwa na cha kuonyesha. Ukipata habari za malipo ya kwanza, njoo utuandikie humu humu.

Sauti ya Puget

Nitaleta. Mama mkwe wangu ni mmoja wa watakaoomba.